Nani Atarithi Sufuria ya Mama

Jumapili, 8 Juni

Leo nimejitolea. Kwa kweli mdomo ndio uliojitolea, mimi nimeufuata tu.

Mama alituita wote nyumbani kwake, watoto na wake na waume zetu, na wakubwa wa ukoo. Tukajua kuna jambo. Alikaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, akasema kile chakula kikubwa cha familia cha kila mwaka, mwaka huu hatakipika yeye. Amechoka. Basi, hakueleza zaidi. Mama yangu, kuchoka! Mtu aliyelisha ukoo mzima miaka yote kwa sufuria moja, huku akiimba! Sikupenda alivyolisema. Lakini sikupata muda wa kulifikiria, maana macho ya wote yalikuwa yameshamgeukia Shemeji.

Shemeji ni mke wa kaka yangu mkubwa. Anapika. Anajua kuwa anapika. Huja kwenye shughuli za watu na kisu chake mwenyewe ndani ya mkoba, kimeviringishwa kwenye taulo. Alitazama kucha zake kama mtu anayesubiri kubembelezwa.

Hapo Mama akaongeza kwamba atakayepika, na watu wakashiba na kuridhika, ataichukua na ile sufuria kubwa. Kwetu sisi ile si sufuria tu. Aliye nayo, kwake ndiko tutakakokusanyika siku zote, na neno lake litasikilizwa. Nikaiona sufuria inaingia kwa Shemeji. Nikajiona mimi mlangoni kwake, mzee mwenye mvi, nimebeba viti.

Maana kazi yangu katika ukoo huu ni viti. Nimevuka arobaini, nina mke, nina kazi, lakini mimi ni kitinda mimba na jina langu ni Mdogo. "Mdogo, lete viti." Pale ukutani kwa Mama kuna picha kubwa ya familia nzima, mpaka mtoto wa jirani yumo. Mimi simo. Nilikuwa nimetumwa viti. Huwa nikiitazama inaniuma, na leo nilikuwa nimekaa mkabala nayo.

Nikasema nitapika mimi.

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mjomba, kaka yake Mama, ambaye masikio yamezeeka lakini tumbo bado kijana, aliuliza nimesema nini. Akaelezwa kwa sauti. Akacheka peke yake, wenzake wameshamaliza.

Mama hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema sawa, Jumamosi, na watu waje nyumbani kwangu mimi, si kwake.

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu ameuliza kama najua jiko letu la gesi lina mafiga mangapi yanayowaka. Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Yanawaka mawili. La tatu huwaka likitaka.

Yeye ni mwalimu wa hesabu na hana utani na namba. Ameuliza watu watakuwa wangapi, nikasema wote. Ameuliza nimewahi kupika nini, nikamkumbusha mayai. Akasema mayai aliyakaanga yeye, mimi nilipakua.

Jioni nimefanya jaribio la wali. Chini umeungua, katikati umekuwa uji, juu punje zinagongana. Wali wa aina tatu kwenye sufuria moja! Mke wangu amekula ndizi.

Nimemwambia Jumamosi asiingie jikoni kabisa. Nikisaidiwa na mke watasema amepika yeye. Amekubali haraka mno, imenitia wasiwasi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Shemeji.

Mimi nauza mapazia. Kupima madirisha ya watu ndiyo kazi yangu, na mtu mwenye futi ya kupimia mkononi haulizwi maswali. Nikaaga kazini kwamba nakwenda kwa mteja. Nikafika kwa Shemeji, nikasema dukani kuna kitambaa kipya, naomba kupima dirisha la jikoni.

Akasema nipime. Nikapima. Nikapima tena. Alikuwa anakaanga vitunguu, na mimi nikipanda kwenye stuli nikichungulia sufuria kwa juu. Mvuke ukaniingia machoni. Nikashuka nimefumba macho, nikakanyaga kikapu cha viazi. Kabla sijajua kinachoendelea nilikuwa nimekaa chini nimenyoosha miguu, nina bakuli mapajani, namenya vitunguu saumu. Nimemenya mpaka vidole vimekuwa kama vya maiti.

Kwa upole akaniambia kwamba kwenye chakula cha watu wengi jambo kubwa ni moja tu, kuonja. Onja mapema, onja katikati, onja mwisho. Wengine wote hukosea hapo.

Hicho ndicho anachotaka nifanye! Nishibe kwa kuonja, nisinzie, chakula kiungue. Simo.

Nikiwa natoka mlangoni akaniuliza upana wa dirisha. Sikuwa nimeandika.

Jumatano, 11 Juni

Sina raha. Leo kazini nimemkatia mteja kitambaa kifupi kwa sababu nilikuwa nafikiria nyama. Bosi akauliza akili yangu iko wapi.

Iko kwa Shemeji. Kuna hatari ambayo sikuwa nimeifikiria. Katika familia yetu mtu akifika mahali panapopikwa haanzi kukaa. Anakwenda jikoni kwanza, anafunua kifuniko, anaonja, anaongeza chumvi kidogo kwa mkono wake, ndipo anakwenda kusalimia watu. Alianzisha Mama, eti ili kila mmoja awe ametia mkono kwenye chakula. Tunaita kusalimia sufuria. Sasa Shemeji akiingia jikoni kwangu kusalimia sufuria, nani ajuaye atatia nini? Pilipili ya kutosha kuua ng'ombe. Ndipo sufuria ya Mama inaniponyoka.

Lazima asifike jikoni. Lakini siwezi kumwambia mwenyewe, ataona namwogopa.

Nikaenda kwa Shangazi, dada yake marehemu Baba. Shangazi hana kifua. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni unaambiwa wewe. Nikamwambia naomba siri. Nikasema nina wasiwasi kuna mtu, sitaki kumtaja, ana mkono mzito, atazigusa sufuria zangu. Hakuonekana kuguswa. Nikaamua kulia. Nilifikiria ile picha ya ukutani, na machozi yakaja kwa urahisi kuliko nilivyopanga. Yakaendelea hata baada ya kumaliza nilichotaka kusema.

Shangazi akanipa leso yake, akasema nisijali kabisa, hili aachiwe yeye.

Shemeji amekwisha!

Alhamisi, 12 Juni

Ununuzi. Muuza nyama ameuliza nataka ya kupika vipi. Nikasema ya kupika vizuri. Akanitazama sana, akanikatia ya kuchemsha muda mrefu, akasema hata nikisahau haitaharibika.

Vitambaa vya meza hatuna vya kutosha. Nimeazima kitambaa cha pazia dukani, kile cha rangi ya maziwa. Bosi hakuwapo, kwa hiyo nimejiruhusu mwenyewe. Kina vishikizo vya chuma pembeni. Nimevigeuzia chini.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya mikosi, kisha ya akili.

Asubuhi nilijaribu kiazi kama kimeiva. Nikakitia mdomoni kizima kutoka kwenye maji yanayochemka. Sitaeleza zaidi. Ulimi umevimba, umekufa ganzi, hausikii tamu wala chungu. Mke wangu ameniwekea maji ya baridi na kuniuliza kwa nini sikutumia uma. Watu wengine wanajua kuuliza baada ya ajali.

Sasa chumvi nitaipimaje? Nilizunguka jikoni, nikatoka uani, nikarudi, nikafungua kabati, nikalifunga. Mke wangu akasema nikae chini, namtia kizunguzungu.

Halafu ikanijia! Nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi. Kwa nini mimi nitie chumvi? Ukoo mzima unakuja kesho, na kila mmoja atapita jikoni kusalimia sufuria na kuongeza chumvi yake. Wako zaidi ya thelathini! Nakumbuka mwaka ule Kaka alipojaribu kupika: alitia yake, wakatia na yao, tukanywa maji mpaka kesho yake. Mimi sitatia hata punje. Nitaacha ukoo upime wenyewe. Chakula kitakolea kwa mikono yao, na sifa zitakuja kwangu.

Nimeandaa visahani vya chumvi, kimoja kando ya kila sufuria, na kijiko kidogo ndani. Vinapendeza.

Sijui kwa nini mtu hunidharau.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nilikuwa macho. Sufuria kubwa ya Mama ililetwa jana na Kaka, imekaa juu ya mafiga yote matatu na bado mpini wake unagusa ukuta. Nyama ikaingia humo. Kuku kwenye sufuria mbili za jirani. Wali nje, kwenye jiko la mkaa. Maharage, kabichi, viazi. Nilikata, nilikoroga, nilipuliza moto, nilikimbia. Jasho mpaka kwenye soksi. Lakini hakuna kilichoungua! Nyama ilikuwa laini, nikiibonyeza inaachia mfupa. Wali ulitoka punje moja moja. Nilisimama katikati ya jiko nikataka kulia, safari hii bila Shangazi.

Watu wakaanza kuja mchana. Kaka akafika wa kwanza. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Kaka, lete viti." Akaleta! Nikamwangalia kaka yangu mkubwa anapita mlangoni na kiti kila mkono. Ningefia hapo ningekufa na furaha.

Shangazi naye alikuwa ameshafika. Nikamkuta amesimama koridoni, mlangoni mwa jiko, na mkoba kwapani, anapokea wageni. Nikaona vyema, heshima hiyo. Kila aliyeingia alinong'onezwa kitu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaelekezwa sebuleni. Shemeji alikuja na gauni la kijani, akanong'onezwa, akaweka mkono kifuani, akanitazama kwa macho ya ajabu. Halafu akaenda kukaa. Mpango umetimia, nikasema moyoni.

Nikaenda kubadilisha shati. Niliporudi nikamwona Mjomba anatoka jikoni anajifuta mdomo, na Kaka nyuma yake. Wameanza kusalimia sufuria, nikafurahi. Nikachungulia vile visahani kwa mbali, nikaona kama vimepungua. Nikapiga makofi, nikaita watu mezani. (Sasa najua Mjomba alifuata maji ya kunywa. Kaka alifuata viti viwili vilivyobaki.)

Tukapakua. Nilisimama kichwani mwa meza, kitambaa cha rangi ya maziwa kimening'inia vizuri, Mama mkono wangu wa kulia. Nikasema karibuni.

Wakala. Kimya.

Kuna kimya cha watu wanaofurahia chakula, nakijua, hujaa sauti za vijiko. Hiki kilikuwa kingine. Vijiko vilikwenda taratibu. Shemeji alitafuna na kutazama dari. Shangazi akasema nyama ni laini. Mwingine akasema laini sana. Mwingine akasema na moto pia, chakula ni cha moto kabisa. Kaka akasifu sahani.

Mtu akisifiwa sahani ajue kuna jambo. Nilitia nyama mdomoni, nikatafuna, ulimi hausikii kitu. Nikamuuliza mke wangu kwa macho. Akainamia glasi yake.

Kisha Mjomba, ambaye hakuna aliyeweza kumnong'oneza akasikia, akauliza kwa sauti iliyofika barabarani kama hiki ni chakula cha wagonjwa. Akauliza chumvi iko wapi. Nikasikia teke chini ya meza. Mjomba akauliza nani anampiga teke.

Shangazi akasimama kunitetea mimi, mtoto wa kaka yake. Akasema si walikubaliana! Si aliwaambia wote kwamba Mdogo amelia kwake, amelia machozi, kwa sababu hakuna anayemwamini, na kwamba asiguse mtu sufuria zake hata moja? Si wote walisema watamheshimu safari hii?

Wote! Nilitaka azuiwe mmoja, amewazuia wote. Hakuna aliyetia chumvi, kwa sababu wamenionea huruma. Na mimi sikutia, kwa sababu nilikuwa nawategemea wao. Nikashika meza. Nikaiona sufuria ya Mama inarudi ilikotoka, na mimi nairudia kazi ya viti. Kilichoniuma zaidi si kicheko, maana hakuna aliyecheka. Waliinama tu. Walikuwa wanakula chakula kisicho na ladha, wanasema ni kizuri, kwa ajili yangu. Sikuwahi kufikiri wangenifanyia hivyo.

Kaka akasema si neno, chumvi haikimbii, akainuka kwenda jikoni kuileta.

Mama akamwambia akae.

Tulimgeukia. Sahani ya Mama ilikuwa tupu. Ameifuta. Akaninyooshea mimi, akasema, "Niongeze, mwanangu. Na nyama."

Hapo akatueleza. Kwamba daktari alimwambia presha imepanda sana, chumvi aiache kabisa, na kwamba hilo ni la miezi mingi sasa. Kwamba hakutaka kutuambia, maana kila mmoja angekuja na dawa yake, na tusingemwachia tena hata birika. Kwamba tukija kwake alitupikia sisi kama zamani, akatuambia ameshashiba kwa kuonja, na tukiondoka anachemsha vyake kidogo na kula peke yake, amesimama jikoni. Hakuchoka kupika. Alichoka kukaa mezani mbele ya chakula asichoweza kula, akijifanya ameshiba. Leo, akasema, ndiyo mara ya kwanza amekula na watoto wake.

Shemeji alianza kulia, wa kwanza. Kaka alibaki amesimama na leso ya karatasi mkononi, hajui aifanyie nini.

Mama akaniuliza nimejuaje.

Wote wakanitazama. Hapo nilipaswa kusema ukweli. Ulifika mpaka kooni. Kila Jumapili nakwenda kwa Mama. Nakaa, naongea juu ya bosi wangu, nakula, naondoka. Sikuwahi kumuuliza yeye amekula nini. Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa, mtu mdogo kweli kweli.

Nikamjibu, "Mama, mimi si mwanao?"

Meza nzima ikafanya aaa! Shangazi akanikumbatia mpaka nikakosa hewa. Kaka akasema samahani, akasema mbele ya watu, samahani Mdogo, hatukukujua. Shemeji akaja akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema yeye na upishi wake wote hakuona, nimeona mimi. Wakala! Wakaongeza! Mjomba akaongezewa mara mbili huku bado anauliza chumvi.

Sufuria ni yangu.

Wageni walipokuwa wanaaga, Mama aliingia jikoni nikiosha vyombo. Akatazama vile visahani vya chumvi vilivyopangwa kando ya sufuria, vimejaa, na vijiko vyake. Akauliza ni vya nini. Nikasema mapambo.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika karo la kuoshea vyombo. Akafuta macho kwa kona ya kanga, akasema hatamwambia mtu. Kisha akasema taratibu kwamba yeye hajawahi kuhitaji sufuria kubwa ili anione, na kwamba Jumapili ya wiki ijayo niende tukale, sisi tu, chochote, nisijisumbue. Halafu akanipiga kidogo shavuni kama nilipokuwa mtoto, akasema siku nyingine nionje.

Sikuelewa anacheka nini. Uchovu, nadhani. Siku ilikuwa ndefu kwake.

Jumapili, 15 Juni

Sufuria haiingii popote. Kabatini haiingii. Chini ya kitanda haiingii. Tumeiweka bafuni, na kuoga ni kwa zamu na kwa upande mmoja.

Mke wangu ameniuliza ana kwa ana kama nilijua habari za Mama. Nikasema ndani yangu nilijua. Akauliza ndani wapi. Nikatoka kwenda kutembea.

Kitambaa cha dukani kina alama tano za vidole, mchuzi, mkono mkubwa. Ni wa Mjomba. Nimekiloweka.

Jumanne, 17 Juni

Bosi ameuliza kitambaa cha rangi ya maziwa kiko wapi. Nimemwambia kuna mteja anakifikiria.

Watu wa ukoo wananipigia simu kuomba ushauri wa afya. Nimemshauri Shangazi apunguze chai. Hanywi chai. Nikamwambia ndiyo maana.

Nimepanga Jumapili nimpelekee Mama chakula changu. Kuku, viazi, kabichi. Bila chumvi, kama kawaida yangu.

Jumapili, 22 Juni

Nimeibiwa!

Nilifika kwa Mama na sufuria ndogo nimeifunga kwenye kitambaa, nimevaa shati zuri. Nikasikia harufu toka getini. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, kitu kinachemka taratibu. Nikaingia. Nani yuko jikoni? Shemeji! Kisu chake kwenye ubao, taulo begani, mikono ya gauni imekunjwa. Anampikia Mama maharage na samaki. Bila chumvi!

Eti ameanza tangu Jumatatu. Eti anakuja kila siku akitoka kazini. Eti alikaa akajiuliza jinsi ya kufanya chakula kikolee bila chumvi, akajaribu hiki na kile, na Mama akamwambia kipi kinafaa na kipi hakifai. Akanishukuru. Akasema mimi ndiye niliyemfungua macho. Alisema hivyo akitabasamu, na machozi karibu. Mtu mjanja sana huyu.

Maana bila chumvi ni yangu. Nimeigundua mimi! Mbele ya mashahidi!

Tulikula watatu, Mama katikati. Chakula cha Shemeji kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Kilikuwa kitamu mno, sijui anafanyaje. Changu Mama alikila pia, akasema kuku hajaiva upande mmoja. Shemeji akaniuliza kama nilimwonja. Nikampitishia kabichi. Mama alikuwa amechangamka kupita kiasi, anamtania huyu, anamtania yule, anaongeza, anafuta sahani, na tulipokuwa tunaosha vyombo nikamsikia huko sebuleni anaimba. Sikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Nilikuwa nafikiri.

Nimerudi nyumbani nimezunguka sebule mpaka mke wangu amehamia chumbani na madaftari ya wanafunzi wake. Lakini nimepata.

Jumapili ijayo nitapika bila mafuta. Hata tone moja. Tuone atafanya nini. Na akiiga na hilo, akaacha mafuta, basi mimi nitaacha moto.